Uzi: Fundo la leso la mama muuza omena, na jinsi dawa ya presha inavyochaguliwa

KABATI_LA_DAWA (mwenye uzi)

Hodi humu ndani. Mimi ni fundi wa dawa, nina kemisti upande wa Kondele hapa Kisumu, na huu ni mwaka wa kumi na moja nikisimama nyuma ya dirisha lilelile. Kuna maneno nayasikia tangu nafungua hadi nafunga: "Nipe ile kali." Ya kichwa, ile kali. Ya mgongo, ile kali. Ya presha nayo ile kali, utadhani dawa ni pilipili.

Juzi Jumamosi jioni akaja mama mmoja anayeuza omena soko la Kibuye. (Amenipa ruhusa nisimulie mradi nisimtaje, na akasisitiza niandike kwamba omena yake haina mchanga. Haya, nimeandika.) Akafungua fundo la leso, akapanga pakiti juu ya kaunta mojamoja kama anayepanga mafungu sokoni: amlodipini ya miligramu 10, furosemidi, diklofenaki, na dawa ya kulegeza misuli. Akasema, "Mwanangu, hii ya presha imeshindwa. Nipe inayoizidi."

Nikampima: 168 kwa 98. Nikamkalisha dakika tano, nikarudia: 166 kwa 96. Presha ipo kweli. Lakini macho yangu yalikuwa chini, kwenye kandambili. Ukanda ulikuwa umezama ndani ya nyama ya mguu. Nikaomba ruhusa, nikabonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo, nikahesabu hadi tano, nikaachilia. Shimo likabaki palepale, kama umebonyeza donge la ugali uliopoa.

Nikamuuliza, "Mama, kati ya haya yote, kipi kilitangulia?"

Akafikiria. Kumbe miezi michache nyuma kliniki walimpandishia amlodipini kutoka 5 hadi 10. Wiki chache baadaye miguu ikavimba. Hakurudi kliniki, foleni ndefu na omena inangoja, akaingia kemisti fulani akauziwa furosemidi, ile wengi mnaiita Lasix, "ya kutoa maji." Akakojoa mpaka akachoka, uvimbe haukuisha, na usiku misuli ya miguu ikaanza kukakamaa. Kwa kukakamaa akapewa ya kulegeza misuli, na kwa maumivu diklofenaki. Sasa diklofenaki nayo hupandisha presha. Ndiyo hiyo amekuja nayo dirishani kwangu, anaomba dawa kali zaidi.

Dawa nne ndani ya fundo moja, na tatu kati ya hizo zinafukuzana na ile ya kwanza. Nataka tulifungue fundo hili polepole. Nikimaliza nitajibu maswali.

KABATI_LA_DAWA

Naendelea. Kwanza, amlodipini hufanya nini mwilini?

Ukuta wa mshipa unaopeleka damu una misuli. Misuli hiyo ikijikaza, mshipa unakuwa mwembamba na damu inapita kwa nguvu, sawa na mpira wa maji ukiubana kwa kidole. Ili misuli ijikaze inahitaji kalsiamu iingie ndani ya chembe zake kupitia vijilango vidogo. Amlodipini huvifunga vijilango hivyo. Misuli inalegea, mshipa unapanuka, presha inashuka. Ni dawa ya taratibu: inakaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana ni kidonge kimoja kwa siku, na nguvu yake kamili huionji kabla ya wiki moja hivi. Anayemeza leo akapima kesho na kusema "haifanyi kazi" hajaipa nafasi.

Tatizo la miguu linatokea hapohapo kwenye kazi yake nzuri. Inalegeza sana mishipa midogo inayoleta damu, lakini ile inayoirudisha moyoni haiilegezi kwa kiasi hicho. Damu inaingia kwa wingi kwenye vijishipa vya katikati, njia ya kutokea ni ileile ya zamani, basi maji yanachuja kwenda kwenye nyama. Na maji huenda bondeni, hivyo ukisimama kutwa sokoni yanakaa kwenye vifundo. Huonekana zaidi kwa kipimo cha 10 kuliko cha 5, na kwa wanawake kuliko wanaume.

Sasa ona kwa nini furosemidi haikumsaidia. Furosemidi huambia figo zitoe chumvi na maji. Mama huyu hakuwa na maji ya ziada mwilini. Maji yake ya kawaida tu yalikuwa yamekaa mahali pasipo pake. Ni sawa na kupiga deki huku bomba linavuja. Alichofanikiwa ni kukojoa potasiamu, na potasiamu ikipungua misuli hukakamaa.

Tahadhari kabla mtu hajakimbia kutupa dawa zake: miguu kuvimba kunaweza pia kuwa moyo, figo au ini. Nilimuuliza kama anakosa pumzi akilala chali, kama mkojo una povu, kama uso unavimba asubuhi. Vyote hapana. Hata hivyo sikumbadilishia chochote mimi. Nilikataa kumuuzia diklofenaki nyingine, nikaandika kikaratasi chenye mfuatano wa dawa zote nne na lini kila moja ilianza, nikamwambia Jumatatu asubuhi hicho kikaratasi kimtangulie kliniki. Omena itauzwa na binti.

MULEMBE_KAKAMEGA

Umenifungua macho. Lakini swali: mimi na mzee wangu wote tuna presha, tunaenda kliniki moja, daktari mmoja. Mimi napewa amlodipini na haidroklorothiazidi, yeye losartani. Mwezi uliopita zangu ziliisha nikameza zake siku nne. Nimefanya kosa?

KABATI_LA_DAWA

Mama Mulembe, siku nne hazijakuua, lakini usirudie. Nikueleze kwa nini daktari mmoja anatoa dawa mbili tofauti kwa nyumba moja.

Presha ina zaidi ya njia moja ya kupanda. Njia ya kwanza ni chumvi na maji: figo zinashikilia chumvi, damu inajaa. Njia nyingine ni homoni: figo zikihisi damu haitoshi hutoa kitu kiitwacho renini, ambacho kwa hatua kadhaa huzaa angiotensini, na hiyo hubana mishipa kwelikweli. Losartani huziba masikio ya mishipa isisikie amri ya angiotensini. Haidroklorothiazidi, ambayo ni dawa ya mkojo, inashughulika na ile njia ya chumvi.

Imeonekana kwamba Waafrika wengi wenye presha wana renini ya chini, na miili yao hushika chumvi. Kwa hiyo dawa za upande wa homoni zikitolewa peke yake mara nyingi huwa hafifu kwetu kuliko amlodipini au dawa ya mkojo. Hili si la kusimuliwa tu. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa CREOLE uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, kwa wagonjwa weusi 728. Walilinganisha jozi tatu za dawa kwa miezi sita. Jozi mbili zilizokuwa na amlodipini ndani yake zilishusha presha vizuri kuliko ile jozi isiyo nayo. Kwa hiyo ukiona kliniki nyingi zinaanza na amlodipini usidhani wanatoa kilichopo tu. (Ingawa wakati mwingine, tuseme ukweli, ni kilichopo tu.)

Sasa mzee kwa nini losartani? Simjui, lakini ningekuwa daktari ningeuliza: ana sukari? Ana protini kwenye mkojo? Kama ndiyo, losartani inamlinda figo kwa kazi nyingine kabisa, inapunguza msukumo ndani ya vichujio vya figo. Ana jongo? Haidroklorothiazidi hupandisha asidi ya yuriki, na kidole gumba cha mguu kitamwambia usiku wa manane. Losartani huipunguza kidogo. Ugonjwa jina ni moja, watu ni wawili.

Na wewe, samahani kwa kuuliza hadharani: kama bado unaweza kushika mimba, losartani ya mzee isikaribie mdomo wako. Kundi hilo lote huumiza figo za mtoto tumboni. Mjamzito mwenye presha hupewa nyingine, kama methildopa au nifedipini.

MULEMBE_KAKAMEGA

Mzee ana sukari ndiyo. Na mimi nimefunga duka la watoto zamani, wajukuu wanatosha. Asante.

NYAR_KANO

Mimi niko Ahero. Nimekohoa tangu Januari. Kikohozi kikavu, kama kuna unyoya kooni, hasa nikilala. Nimepimwa kifua kikuu mara mbili, hakuna. Nimepigwa picha ya kifua, safi. Nimekunywa chupa za dawa ya kikohozi sijui ngapi, na antibiotiki mizunguko miwili. Mama mkwe anasema nimerogwa. Nimesoma uzi wako nikaangalia dawa yangu ya presha, imeandikwa enalaprili. Inahusiana?

KABATI_LA_DAWA

Ulianza enalaprili lini?

NYAR_KANO

Desemba.

KABATI_LA_DAWA

Nyar Kano, mpe mama mkwe salamu, umwambie mchawi tumempata kwenye pakiti.

Enalaprili pia iko upande wa homoni, lakini haifanyi kama losartani. Yenyewe inazuia kimeng'enya (kichocheo cha mwilini) kinachotengeneza angiotensini. Shida ni kwamba kimeng'enya hichohicho kina kibarua cha pili: kuvunja kitu kinachoitwa bradikinini. Kikizuiwa, bradikinini inarundikana, na kwenye koo na mapafu inawasha. Hapo unapata kikohozi kikavu, bila makohozi, bila homa, kisichosikia sharubati yoyote. Katika watu kumi wanaomeza dawa za kundi hilo, mmoja hivi hukipata. Kinaweza kuanza baada ya siku chache au baada ya miezi.

Losartani inapita chini zaidi, haikigusi kimeng'enya, hivyo bradikinini inavunjwa kama kawaida na koo linatulia. Rudi kliniki na maneno haya: "Kikohozi kilianza baada ya enalaprili." Usiache mwenyewe ukakaa bila dawa, presha haikohoi, lakini haijalala. Wakikubadilishia, jipe wiki moja hadi nne kabla ya kulaumu, wengine huchukua muda zaidi.

Kitu kingine muhimu kuliko kikohozi: mtu yeyote anayetumia enalaprili, captoprili na ndugu zao, midomo au ulimi ukivimba ghafla, hiyo ni dharura. Usingoje asubuhi. Sisi Waafrika hupatwa na hilo zaidi ya wengine.

Kisa cha pembeni, kwa vile mnapenda visa. Kundi hili la dawa mizizi yake ni nyoka. Kule Brazil kuna nyoka anaitwa jararaca. Akimuuma mtu presha inaanguka. Wanasayansi wakachunguza sumu yake, wakakuta vitu vinavyozuia kimeng'enya kilekile nilichotaja. Kwa kuiga umbo lake wakatengeneza captoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Hakuna sumu ya nyoka kwenye kidonge chako, ni umbo tu lililoigwa.

DAWA_ZA_BABU

Hapo umejianika. Nyoka! Nyinyi wa kemisti mnatuuzia sumu, figo zinaisha, halafu mnatuuzia dawa ya figo. Babu yangu kule Vihiga alikunywa mizizi yake akaishi miaka tisini. Nimeona watu wengi walioanza dawa za presha wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu.

KABATI_LA_DAWA

Babu wa Vihiga namheshimu, na sitadharau mizizi. Ningefanya hivyo ningekuwa mjinga wa kazi yangu. Metfomini ya sukari ilitokana na uchunguzi wa mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, ambao wazee wa huko waliutumia zamani. Daktari Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyechapisha matokeo ya metfomini kwa wagonjwa wa sukari mwaka 1957. Dawa ya malaria tunayomeza sote huku ziwani imetokana na mmea wa Kichina, na Tu Youyou aliyeongoza kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kinachotofautisha kidonge na sufuria ya mizizi ni kipimo. Najua ndani ya kidonge kuna miligramu ngapi. Ndani ya sufuria sijui, na babu naye leo anachemsha nyingi, kesho kidogo.

Kuhusu figo umeona mwisho wa hadithi ukaufanya mwanzo. Presha yenyewe ndiyo inayopasua vichujio vya figo, kimyakimya, miaka kumi kabla mtu hajahisi lolote. Wengi huanza dawa wakiwa wamechelewa, halafu dawa inabeba lawama ya aliyetangulia.

Lakini nitakupa nusu ya hoja yako, kwa sababu nina deni nalo. Miaka kadhaa nyuma nilimuuzia fundi wa mjengo diklofenaki ya mgongo. Alikuwa na saruji hadi kwenye kope, ana haraka, na mimi nina foleni. Sikumuuliza kitu. Alirudi mara nne. Mara ya tano aliletwa na mkewe, amevimba uso, presha 178 kwa 104. Kumbe alikuwa anameza losartani iliyochanganywa na dawa ya mkojo, kutoka hospitali. Figo hutegemea kemikali fulani kuweka wazi mlango wa damu inayoingia. Diklofenaki na ibuprofeni huzima utengenezaji wa kemikali hizo, ndivyo zinavyotuliza maumivu. Losartani nayo hulegeza mlango wa kutokea, na dawa ya mkojo inapunguza maji. Tatu kwa pamoja, figo inabaki bila msukumo. Alipona, baada ya wiki mbili za vipimo na kuacha diklofenaki. Tangu siku hiyo hakuna anayepata diklofenaki kwangu kabla ya kujibu: una presha? una vidonda vya tumbo? una shida ya figo? Wengine wanakasirika na kwenda dirisha la pili. Waende.

Kwa hiyo ndiyo, dawa huweza kuumiza figo. Kwangu ilikuwa ile ya mgongo, na muuzaji nilikuwa mimi.

DAWA_ZA_BABU

Haya. Angalau umekubali. Sasa mgongo utulizwe na nini?

KABATI_LA_DAWA

Kwa mwenye presha, parasetamoli ndiyo ya kuanzia. Najua mtasema haina nguvu. Mpe vidonge viwili vya miligramu 500, si kimoja, na usizidishe vinane kwa siku, kwani hapo ini ndilo linaloumia. Mlevi na mwenye ini bovu kipimo chake ni kidogo zaidi. Dawa za kupaka nazo zinafaa kwa goti na bega, maana kinachoingia kwenye damu ni kidogo.

MZEE_WA_KALOLENI

Assalamu alaykum. Uzi mzuri, kijana. Mimi ni mgonjwa wa sukari, natumia metfomini na glibenklamaidi. Ramadhani iliyopita siku ya tatu, karibu na alasiri, niliona giza, jasho likanitoka kama niko bafuni, mikono inatetemeka. Wajukuu walinipa soda nikafungua. Nilihuzunika sana. Ni umri au ni dawa?

KABATI_LA_DAWA

Waalaykum salaam, mzee wangu. Shikamoo. Umri umechangia, dawa ndiyo iliyokuangusha, na wajukuu wamekuokoa.

Hizo dawa mbili zinatibu sukari lakini tabia zao ni mbali. Metfomini inazungumza na ini. Ini ni ghala. Hata usipokula, usiku kucha linatoa sukari kwenye damu, na kwa mgonjwa wa sukari linatoa kupita kiasi. Metfomini inalizuia. Haimlazimishi kongosho kufanya lolote, ndiyo maana peke yake ni nadra kumwangusha mtu. Ubaya wake ni tumbo: kuhara, kichefuchefu, ladha ya chuma mdomoni, hasa wiki za mwanzo. Humezwa na chakula, na huanzwa kwa kipimo kidogo kikapandishwa polepole.

Glibenklamaidi inamchapa kongosho fimbo: toa insulini! Na haiulizi kama umekula. Ukimeza daku, inaendelea kumchapa hadi jioni. Mtu mzima ambaye figo zimepunguza kasi, dawa inakaa zaidi. Saa tisa alasiri insulini ipo tele, sukari imeisha. Jasho, kutetemeka na giza ndiyo kengele.

Kwa hiyo mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani, mzee wangu, nenda kliniki useme nia yako ya kufunga. Mara nyingi madaktari huiondoa glibenklamaidi na kuweka nyingine ya kundi hilohilo iliyo pole, kama gliklazaidi, au ya kundi jingine kabisa, na sehemu kubwa ya metfomini huhamishiwa futari. Watakuangalia na figo pia. Wengine huambiwa wasifunge, na dini imewapa ruhusa. Pima kwa kidole mchana, tone la damu halikufunguzishi. Sukari ikiwa chini ya 3.9 (mmol/L) kwenye mashine, fungua hapohapo hata kama adhana imebaki dakika kumi.

MZEE_WA_KALOLENI

Marahaba. Dakika kumi ndizo zinazouma zaidi. Nitaenda kliniki inshallah.

BODA_MAMBOLEO

Mimi sina presha wala sukari, nina malaria kila mvua ikinyesha. Nikimeza AL siku ya pili nasikia niko fiti, zinazobaki nawekea ya wakati mwingine. Kuna shida? Na kwa nini daktari alisema nile mafuta?

KABATI_LA_DAWA

Boda wangu, shida ipo, na kubwa.

Kidonge kimoja cha AL kina dawa mbili: artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Artemetha ni kama askari wa kupambana na ghasia, inaingia kwa kishindo, inaua vimelea wengi kwa saa chache, halafu inaondoka. Ndiyo inayokupa hiyo "niko fiti." Waliobaki wanaachiwa lumefantrini, ambayo ni taratibu lakini inakaa siku nyingi. Ukiacha siku ya pili umetuma askari na kumzuia mlinzi wa usiku asije kazini. Vimelea wachache waliobaki wanazaana, na ni wale wagumu. Klorokwini ilitufia hivyohivyo. Kenya iliiweka kando mwaka 1998, na dawa iliyoifuata haikudumu, tukahamia AL ambayo ilitangazwa mwaka 2004 na kuanza kugawiwa mwaka 2006.

Mtu mzima: vinne mara sita, jumla vidonge 24. Vya pili saa nane baada ya vya kwanza (hapo wengi hukosea, wanangoja hadi kesho), kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia.

Mafuta ni kwa ajili ya lumefantrini. Haiyeyuki kwenye maji. Tumboni pasipo na mafuta sehemu kubwa inapita tu na kutoka. Chai ya rangi na mkate mkavu haitoshi. Chai ya maziwa na mandazi, parachichi, omena ya kukaanga, hata glasi ya maziwa, umemaliza. Na upimwe kwanza. Si kila homa ya mvua ni malaria, hata hapa ziwani.

NAKURU_KWETU

Swali fupi. Amlodipini ya bei ya chini na ile ya kampuni ya kwanza, ipi bora? Dada yangu hataki kugusa ya bei ya chini.

KABATI_LA_DAWA

Kiini ni kilekile. Kampuni ya pili haihitaji kulipia utafiti wa mwanzo, ndiyo maana bei inashuka. Kinachotakiwa ni ionyeshe kwamba inaingia kwenye damu kwa kiasi na kasi ileile. Nunua mahali penye leseni, angalia tarehe, angalia pakiti haijachezewa. Mimi mwenyewe mama yangu nampa ya bei ya chini, kwa sababu anaweza kuinunua mwezi baada ya mwezi. Ya bei ghali inayomezwa wiki mbili kisha ikakatika haishushi kitu.

MULEMBE_KAKAMEGA

Na mama wa omena aliishia wapi?

KABATI_LA_DAWA

Ndiyo nilikuwa naijia. Kliniki walisoma kikaratasi, wakampima potasiamu na figo. Potasiamu ilikuwa chini kidogo, figo salama. Wakarudisha amlodipini kwenye 5, wakaongeza losartani 50, wakaondoa furosemidi, diklofenaki na ile ya misuli. Ujanja uko hapo: losartani hupanua pia mishipa ya kurudisha damu, hivyo inashusha presha na papo hapo inafungulia maji yaliyokwama miguuni. Dawa ndogo mbili zikafanya kazi ambayo kubwa moja ilishindwa, bila kelele yake.

Jana alipita. 138 kwa 86. Kandambili inacheza mguuni. Nilimwomba anionyeshe fundo la leso. Lilikuwa na pakiti mbili na hela ya nauli. Ila alikuwa amekasirika kidogo, kwamba kwa hesabu yake dawa nne ni tiba kubwa kuliko mbili, na jirani yake wa sokoni anamcheka kuwa amepunguziwa. Nikamwambia jirani naye aje na fundo lake.

NYAR_KANO

Narudi kutoa ripoti. Walinibadilishia losartani, leo ni wiki ya tatu. Usiku wa kuamkia leo nimelala hadi saa kumi na moja, nikaamshwa na jogoo, si kifua. Mama mkwe anasema ni maombi yake. Nimemwachia. Sasa mume wangu anauliza: losartani inazuia kukoroma?

KABATI_LA_DAWA

Haizuii. Ila kama anakoroma halafu pumzi inakatika, ananyamaza, kisha anashtuka akitafuta hewa, mlete yeye apimwe presha wiki hii hii. Kukoroma kwa namna hiyo kunaweza kuipandisha.

NYAR_KANO

Anakatika, ndiyo. Nilidhani ni ndoto. Tutakuja Ijumaa.